Aliyemsikiliza Bibi Shamba

Kata yetu ya Lusu, huku Nzega, ilikuwa na watu watatu waliosikilizwa na kila mtu: mchungaji wa Moraviani, padri siku akifika, na daktari wa mifugo ng'ombe akiugua. Bibi Shamba hakuwamo katika orodha hiyo. Yeye alisalimiwa tu, tena kwa heshima zote. Watoto walimpigia shikamoo kutoka mbali, wanaume walivua kofia, wanawake walimwekea kigoda. Akishasalimiwa, akishakaa, akishasema yake, watu walimshukuru na kurudi kufanya walichokuwa wakikifanya kabla hajaja.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, waulizwe wanaopenda kuuliza hayo. Mimi nilimkuta tayari ana pikipiki. Barua za serikali zilimwita Afisa Kilimo wa Kata, lakini hakuna mtu aliyejisumbua na maneno marefu namna hiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kufundishia hata anapoomba maji ya kunywa. Alivaa buti za mpira kiangazi na masika, na Jumapili moja alizivaa hadi kanisani kwa kuwa alitoka shambani moja kwa moja. Mchungaji alimtazama miguuni. Yeye akamtazama usoni mpaka mahubiri yakaanza.

Pikipiki yake ya serikali ilikuwa na mlio wa kukohoa. Ukiusikia upande wa barabara ya Nzega ulikuwa na muda wa kutosha wa kuchukua jembe, kwenda ukingo wa shamba lako na kuinama. Nyuma ya kiti alifunga kikapu chenye vitu vitatu: daftari kubwa, kamba ya katani yenye mafundo, na matobolwa ya viazi vitamu yaliyofungwa kwenye kitambaa. Alifundisha mambo ya lishe bora kwa saa nzima, mara mboga za rangi, mara protini, halafu akajificha nyuma ya ofisi ya kijiji kutafuna viazi vyake vikavu. Nilimfuma mara mbili. Mara ya pili alinigawia.

Ile kamba ndiyo iliyokuwa dini yake. Mafundo yalionyesha mahali pa kutoboa shimo: sentimita thelathini toka shimo hadi shimo, na sabini na tano toka mstari hadi mstari. Watu wawili wanaivuta, wa tatu anatoboa, wa nne anatia mbegu. Watu wakilalamika kwamba kazi hiyo inachosha, aliwakumbusha kwamba barabara wanayoikalia ilikuwa njia ya misafara. Babu zao walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu na kurudi na vitambaa. Sasa wajukuu wanashindwa kubeba kamba mpaka shambani? Watu walicheka sana. Wazee waliongeza hadithi zao za misafara, kikao kikanoga, na kamba ikarudi kikapuni.

Si kwamba hawakupanda kwa mistari. Walipanda. Kila shamba lililopakana na barabara lilikuwa na mistari kumi au kumi na mitano ya mahindi yaliyosimama kama askari wa gwaride. Nyuma ya mistari hiyo ndipo lilipoanza shamba lenyewe: matuta ya viazi, mtama uliochanganyika na karanga, maboga yanayotambaa yanakotaka, na uwele mahali ambapo udongo ni kichanga. Desturi hii haikupitishwa kwenye mkutano wowote, lakini kila nyumba iliifuata. Jirani yetu, Mzee Kashindye, alinieleza siku moja nilipomuuliza kwa nini anahangaika na kamba kwa kipande kidogo namna ile.

"Mgeni unamkaribisha sebuleni, mwanangu," alisema. "Humpeleki jikoni."

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyoishi. Sisi tuliamini kwamba Bibi Shamba hajui. Leo nikikumbuka naona kwamba katika miaka yote ile nilimwona mara moja tu akitoka barabarani na kuingia hatua thelathini ndani ya shamba la mtu. Alisimamisha pikipiki, akahesabu mistari kwa kidole, akaandika kwenye daftari, akaondoka. Taarifa zake za robo mwaka zilisema kwamba wakulima wameupokea utaalamu, na hilo lilikuwa kweli. Waliupokea kwa mikono miwili na kuuweka barabarani.

Nyumbani kwake, nyumba ya serikali karibu na zahanati, kulikuwa na bustani ya mbele yenye mistari hata ya mchicha. Siku moja nilitumwa kumpelekea barua, nikazungukia uani. Huko nyuma nilikuta uwele, kunde na maboga vimechanganyika, na katikati mtama umekwenda juu kupita paa la jiko. Alinikuta nimesimama nikiutazama.

"Hiyo ni ya kuku," aliniambia.

Alikuwa na kuku wawili. Mtama ule ungeweza kulisha kuku wa kata nzima mpaka Pasaka.

Nisije nikaonekana namsema tu. Alikuwa na moyo, tena mahali ambapo wengi hawakuwa nao. Zilipokuja vocha za mbolea, mtendaji wa kata alileta orodha ya wakulima, na orodha nzima ilikuwa ya wanaume, wakiwemo wawili walioishi Dar es Salaam na mmoja aliyekwisha kufariki. Bibi Shamba alisimama mkutanoni akataka wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe. Mwanamume mmoja alinyanyuka na kusema mke wake hana shamba, shamba ni lake yeye.

"Vizuri," akajibu. "Basi kesho asiende kulima, tujue shamba ni la nani."

Yule bwana alikaa. Siku ile waliandikwa wanawake mpaka karatasi zikaisha, mama yangu akiwa wa pili. Mtendaji hakumsemesha Bibi Shamba mpaka mwezi ukaisha, na yeye alionekana kunenepa kwa ukimya ule.

Lakini mwanamke huyohuyo, gari la wilaya likisimama, alibadilika mpaka urefu. Alilishika faili kwa mikono miwili kifuani na kujibu ndiyo mheshimiwa hata kabla swali halijaisha. Nimemsikia kwa masikio yangu akitangaza kwamba pamba ndiyo mkombozi wa mkulima, halafu alizeti ndiyo mkombozi, halafu mahindi, na kila safari kwa uso uleule. Maelekezo yalitoka juu, yakapita kwake, yakafika kwetu. Wakati mwingine yalikutana njiani na yale ya mwaka uliopita yakiwa yanarudi.

Mwenyewe alipenda kusimulia habari za Choma, huko Igunga, alikoanzia kazi. Alitumwa akawaambie wafugaji wapunguze mifugo. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wasiohesabika alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, halafu akamuuliza kwa upole yeye mwenyewe amepunguza watoto wangapi. Bibi Shamba aliisimulia hadithi hiyo huku akifuta machozi ya kicheko. Hadithi zake zote zilikuwa hivyo: yeye hakushinda hata moja. Nilimpenda kwa hilo, na ninalisema sasa kwa sababu huko mbele sitakuwa na nafasi.

Sasa mama yangu. Mama hakuwa mtu wa jembe. Alikulia Ng'ambo, mjini Tabora, katika nyumba ya mafundi cherehani, akaolewa Lusu akiwa anajua kupima kiuno cha mtu kwa macho lakini hajui mtama unapandwa mwezi gani. Mama mkwe wake alikwisha kufariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumfundisha. Baba alikuwa kwenye vibarua vya Kahama, akija nyumbani mara chache. Wanawake wa kijiji walimwita Mama Kabula kwa heshima, wakamcheka kwa siri jinsi anavyoshika jembe. Bibi Shamba peke yake ndiye aliyemsemesha kama mkulima. Alimpa daftari, na mama akaandika kila kitu kwa mwandiko wa fundi nguo: vipimo, tarehe, aina za mbegu. Mimi nadhani alipenda vipimo. Kamba yenye mafundo ilikuwa kitu cha kwanza kilichofanana na kazi aliyoizoea.

Mwanzoni alilima kipande kidogo tu, kwa maarifa ya kuazima kwa majirani. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa. Mbegu chotara za mahindi nazo zikachelewa, zikafika Krismasi imekwisha pita. Bibi Shamba aliitisha mkutano, akasimama na karatasi, akasoma kwamba mwaka huu kila kaya ipande mahindi ya mbegu hiyo katika eneo lote, bila kuchanganya, bila mtama, kwa sababu mtama huleta ndege wa kwelea kwelea. Aliisoma karatasi bila kuinua macho. Watu walipiga makofi. Jioni ileile Mzee Kashindye alionekana anaelekea shambani na kibuyu cha mbegu ya mtama.

Mama alipanda mahindi. Alipanda kutoka barabarani mpaka bondeni, mstari kwa mstari, mimi na yeye tukiivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilikuwa likizo, nasubiri kuanza kidato cha pili; mwaka ule bweni la shule lilichelewa kufunguliwa, likingoja mavuno.

Bibi Shamba alipofika alisimamisha pikipiki, akahesabu mistari kwa kidole, akafika ule wa kumi na tano, akaendelea kuhesabu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alishuka, akaingia shambani, akatembea katikati ya mahindi mpaka bondeni na kurudi. Aliporudi alimshika mama mkono akamwambia ni shamba zuri. Wiki iliyofuata alileta wageni wa wilaya. Mama akapigwa picha amesimama kati ya mistari, mahindi yamemfika kiunoni, ameshika kamba. Nasikia picha ile ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi na ikakaa miaka. Mwezi ule Bibi Shamba alipita kwetu mara tatu, na kila mara alisimama akaitazama mistari, akasifu, akanywa maji, akaenda.

Mvua ikakata kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Tulisubiri wiki, tukasubiri nyingine. Yalikauka kwa mpangilio uleule uliotumika kuyapanda, sentimita thelathini kwa sabini na tano, mpaka bondeni. Majirani nao walipoteza mahindi, lile gwaride lao la barabarani. Nyuma yake mtama ulijikunja, ukangoja, mvua ndogo ya mwisho iliporudi ukasimama tena. Viazi vilikuwa chini ya ardhi havina habari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Mama alilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Hakuna aliyemcheka. Ingekuwa afadhali wangemcheka. Walikuja mmoja mmoja na michembe ya viazi, na debe la mtama, na maneno laini, na mama akawa anapokea kwa magoti huku akitazama chini. Bweni la shule yetu lilitaka kila mwanafunzi aje na gunia la mahindi na debe la maharage, ndiyo chakula chake. Sisi hatukuwa na gunia wala debe, na shule ilikuwa mbali mno kwa kwenda na kurudi. Mwaka ule nilikaa nyumbani. Wenzangu walipita barabarani na masanduku yao ya bati vichwani, nami nilikuwa ukingoni na jembe, nikajifanya nimeinama.

Bibi Shamba hakusimama tena kwetu. Pikipiki ilikohoa, ikapita. Msimu uliofuata alikuja na kipaza sauti juu ya gari la wilaya akitangaza maelekezo mapya: kila kaya ipande mazao yanayostahimili ukame, hasa mtama. Watu walipiga makofi kama kawaida yao. Mzee Kashindye alipiga kwa nguvu kuliko wote, na nyumbani akapanda alichotaka. Baada ya muda Bibi Shamba akahamishwa, na baadaye tukasikia amestaafu.

Nilirudi shule nikiwa mkubwa kuliko darasa langu, nikamaliza, nikasomea ualimu. Sasa nafundisha Igunga. Kwa miaka yote hiyo nilimbeba Bibi Shamba moyoni kwa hasira. Sikuwa na hasira na mvua, wala na wilaya, wala na aliyeiandika ile karatasi, ambaye simjui. Nilikuwa na hasira na mtu aliyepanda mtama wa kuku wawili uani kwake na kuja kutuambia sisi tusipande. Nilitaka siku moja amtazame mama usoni na kukiri. Nilijiambia kwamba siku hiyo nitaliweka jambo hili chini.

Mwaka huu nilimpeleka mama Tabora kwenye kliniki ya macho. Tulifikia kwa mjomba, palepale Ng'ambo alikokulia. Mjomba akatuambia, kama habari ya kawaida, kwamba mtaa wa pili kuna mstaafu wa kilimo aliyewahi kuwa Lusu, anauza miche ya matunda kibarazani. Mama akajifunga kitenge kingine, akasema twende tukamsalimie. Dunia ina mzaha wake: binti wa mjini alikwenda kuzeekea shambani, na Bibi Shamba akaja kuzeekea kati ya mafundi cherehani.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili miguuni. Sikuwahi kuiona miguu yake bila buti, na vidole vyake vya miguu vilinishangaza kwa udogo. Mama ndiye mdogo kwa umri, akapiga shikamoo. Bibi Shamba akaitikia marahaba, akamtazama kwa muda, halafu akanyanyuka. Alimtambua kabla hatujajieleza.

"Mama Kabula wa mistari," alisema.

Tulikaribishwa ndani, ikaletwa chai. Waliulizana habari za Lusu, nani yupo, nani ametangulia mbele ya haki. Mzee Kashindye alikuwa ametangulia. Mama alisimulia kwamba bado analima, kidogo, kwa kuchanganya. Hapo Bibi Shamba akakiweka kikombe chini. Nilijua kwamba limefika, nikakaa sawasawa kwenye kiti.

"Mwaka ule niliposoma ile karatasi nilijua mbegu imechelewa," alisema. "Nilijua haitakomaa. Niliisoma nikijua hakuna atakayenifuata. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi nasema, ninyi mnafanya yenu, watu wanakula. Sikujua kwamba yupo mtu ambaye hajaambiwa."



"Ulipita kwetu mara tatu," nilisema mimi. "Mahindi yalikuwa kiunoni. Muda wa kupandia viazi ulikuwapo."

"Ulikuwapo," akakubali. Alinitazama mimi, halafu akarudi kwa mama. "Nilikuja mara ya kwanza nikuambie. Nikaingia shambani nikaona mistari mpaka bondeni. Nimefanya kazi ile tangu msichana, Mama Kabula, na lile ndilo shamba pekee nililoliona limelimwa nilivyofundisha. Nilifurahi. Nikarudi mara ya pili nikuambie, nikafurahi tena. Mdomo haukufunguka."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu nikiwa msichana, na sasa lilikuwa mezani karibu na chai. Nikamgeukia mama nione jinsi anavyolipokea. Alikuwa anafuta macho yake mabovu kwa upindo wa kitenge, na nilidhani analia kwa uchungu.

"Mimi niliambiwa," mama alisema taratibu. "Mzee Kashindye alinijia na mbegu ya mtama, mara mbili. Alinieleza habari yote ya barabarani na ya nyuma. Nilimrudisha na kibuyu chake. Wote pale walikuwa wananiona sijui kulima. Nilitaka wewe ukipita uone."

Hilo sikuwa nimelijua. Mama hakuwahi kulisema, wala Mzee Kashindye hakulisema mpaka anaingia kaburini. Wale wanawake wawili walitazamana, kisha Bibi Shamba akaanza kucheka, kile kicheko chake cha hadithi za Choma, na mama akacheka naye, wameshikana mikono juu ya meza kama watu waliokutana kwenye harusi. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona masanduku ya bati yakipita barabarani, na nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia, na mmoja wa hao wawili alikuwa mama yangu.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alinigeukia, akanitafuta kwa macho yale yasiyoona vizuri.

"Kabula," alisema, "mwaka ule ulikuwa wako. Tusamehe."

Nikasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na nadhani hata wao walijua, maana hakuna aliyeniuliza mara ya pili.